Ulimi Mweupe wa Mziwanda

Tangu wazazi wao wafariki, kaka mkubwa ndiye aliyekuwa baba wa nyumba, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Alifundisha kemia, na hakuwa na dogo: ukimwambia mvua inanyesha, atakuuliza umejuaje. Dada yake aliyemfuata alikuwa fundi cherehani, akishonea kwenye kibaraza cha nyumba hiyo hiyo. Wa mwisho alikuwa Mziwanda, dada wa miaka ishirini na mbili mwenye usonji. Hakuwa na maneno mengi ya kwake. Alirudia ya watu, kwa sauti zao zile zile. Alimpangia Fundi vifungo kwa rangi, wala hakuwahi kukosea hata kimoja.

Mwaka ule Mwalimu aliingia kwenye kundi la simu la watu wenye ndugu kama Mziwanda, akatoka na imani mpya: eti mwili wa mdogo wake umejaa madini yenye sumu, zebaki na risasi, na yakitolewa, akili itafunguka. Akaagiza vidonge vya kuyatoa. Akampa kila baada ya saa tatu, siku tatu mfululizo, wanapumzika siku nne, wanaanza tena. Kila kitu kiliandikwa daftarini: saa, kidonge, choo.

Mzunguko wa tatu, ulimi wa Mziwanda ukaota utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Tumbo likajaa, akawa anajikuna mapaja mpaka yanachubuka.

"Huyu anaumwa," Fundi alisema.

"Haumwi. Hao ni fangasi, ndugu zake hamira. Madini yakianza kutoka, wao wanachachamaa. Dawa yao ni njaa. Kuanzia leo mkate, ndizi na sukari ni marufuku."

"Kaka, huyu hali kingine! Unamjua tangu anatambaa."

"Njaa ikimbana atakula."

Njaa ilimbana, na hakula. Sahani ya nyama na mboga aliisukuma mpaka ikaanguka, na siku ya nne mifupa ya shingo ilihesabika. Fundi akaanza kumpa mkate kwa kificho, nyuma ya cherehani. Mwalimu hakuchelewa kujua, maana aliyemwambia ni Mziwanda mwenyewe. Wakiwa mezani, alitoa sauti ya Fundi kama ilivyo: "Kula haraka, mdogo wangu, asije akatuona yule bwege."

Mwalimu aliweka kijiko chini.

"Bwege?"

"Bwege," Mziwanda aliitikia.

"Kumbe wewe ndiye unayelisha fangasi!" Mwalimu alimfokea Fundi. "Mimi najenga, wewe unabomoa. Shule uliikimbia, leo unanifundisha mimi?"

"Niliacha shule ili nimwogeshe huyu na kumfulia, wewe ukiwa chuoni. Usinipandishe mori."

Tangu siku ile hawakusalimiana. Mkate ukafungiwa kabatini, na ufunguo Mwalimu akatembea nao mfukoni. Fundi naye akala kiapo kwamba akiona kidonge kingine atakitupa chooni. Alivitupa viwili. Cha tatu Mwalimu alimpa Mziwanda huku amefunga mlango kwa ndani.

Adhuhuri yake, Mziwanda akipanga vifungo, vidole vilijikunja vikagoma kufunguka. Midomo ikaanza kumchezacheza. Akaanguka kutoka kwenye kigoda, na bakuli la vifungo likamwagika kibaraza kizima. Fundi hakumwita mtu. Alimbeba mgongoni kama mtoto mpaka barabarani, akasimamisha gari la kwanza.

Mwalimu aliwakuta hospitalini, daftari kwapani. Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alilisoma ukurasa kwa ukurasa.

"Risasi na zebaki mlizipima wapi?"

"Tulipeleka nywele zake zikapimwa."

"Damu je?"

Mwalimu alinyoosha mkono kuchukua daftari lake.

"Wahenga walisema akili ni nywele," Fundi alidakia, "huyu akadhani na ugonjwa."

Daktari hakucheka. "Dawa hii hutolewa hospitalini, kwa mtu ambaye damu yake imeonyesha sumu. Usonji haiuondoi. Haichagui cha kutoa. Imekwangua na madini anayoyahitaji, ndiyo maana misuli imekakamaa. Figo pia zimeanza kuchoka. Fangasi wa mdomoni wana dawa yao nyepesi, siku chache wamekwisha. Kumnyima chakula ni kumwua mkiwa mnamtazama."

"Kwenye kundi walisema hali huwa mbaya kabla ya..."

"Hao wa kundi wako wapi sasa hivi?"

Walikaa wodini siku sita. Siku ya kutoka, Fundi alisema hamrudishi Mziwanda kwenye nyumba ile.

"Ukimtoa kwangu, kaburini kwangu usije," Mwalimu alisema.

"Nitakuja kuhakikisha wamefukia vizuri."

Fundi alipanga chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, akahamia na mdogo wake. Ulimi ulirudi kuwa mwekundu, mashavu yakajaa, na figo, daktari alisema, zilikuwa zinapona polepole.

Mwezi wa pili tangu wahame, Mwalimu alifika, amekonda, akasimama mlangoni bila kubisha. Hakuomba radhi. Aliita tu, "Mziwanda." Mdogo wake aliinua macho, akamtambua, akafumba mdomo na kuuziba kwa mikono yote miwili, akarudi kinyumenyume mpaka ukutani.



"Umeona," Fundi alisema. "Sasa nenda."

Akaenda. Fundi alikaa chini karibu na mdogo wake, asimguse, akangoja mpaka ile mikono ikashuka yenyewe.