Wasifu wa Mtu Mwingine

Haya nimeyapata kwa kitinda mimba wa Mzee Gundi mwenyewe, siku ya nane baada ya mazishi, alipokuja kunirudishia masufuria. Alikaa jikoni kwangu akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akalia, halafu akacheka tena.

Mzee Gundi alishona viatu miaka sitini na mitatu kwenye kibaraza cha duka la dawa, akafa ana miaka tisini na moja na meno kumi na manne. Siku ya kumzika, binti huyu akapewa kazi ya kusoma wasifu. Kuandika aliandika kaka yake, kifungua mimba, karani wa ofisi kubwa, mtu ambaye hata chumvi mezani hawezi kuiomba bila kumbukumbu namba.

Asubuhi ile mama yao alimvuta binti mkono. Macho ya mama yalikwisha zamani, anaishi kwa masikio.

"Mwanangu, tangu afe sijapata hata lepe la usingizi. Nataka leo nimsikie mume wangu mara moja tu, nimuage. Msije mkaniletea mtu mwingine."

"Sawa, mama."

Kumbe karatasi yenyewe hajaiona. Kaka alimkabidhi watu wakiwa wameshakaa. "Soma ilivyo. Bosi wangu yuko mstari wa mbele."

Binti akasoma. Marehemu alikuwa mdau mkongwe wa sekta ya ngozi na mshauri wa masuala ya nyayo. Marehemu aliongoza taasisi yake kwa weledi, na hakuwahi kuchelewa kikao.

Kikao! Mzee Gundi kikao chake kilikuwa kigoda.

Nyuma watu wakaanza kutazamana. Dereva mmoja mstaafu akainuka, kofia mkononi. "Samahani, bibie. Nadhani tumekosea msiba. Sisi tulikuwa tunakwenda kwa Mzee Gundi."

"Ni hapa hapa, baba."

"Na huyo mkurugenzi je? Wamekufa wawili?"

Nyuma yake watu kama kumi walikwisha toka nje, wanaulizia msiba wa pili uko nyumba gani.

"Endelea kusoma!" kaka akamfokea, meno yameumana.

Binti akamwangalia mama. Mama alikuwa anapapasa fimbo yake. "Nirudisheni ndani," alisema. "Simjui huyo anayezikwa."

Hapo binti akaikunja karatasi. Alijua kaka atamnunia mwaka mzima, lakini alivuta pumzi akaita, "Baba dereva, rudi ukae! Unajua baba alikuwa anakuandika nini ndani ya kiatu?"

Maana Mzee Gundi majina ya watu hayakumkaa kichwani. Kiatu kikifika aliandika ndani yake, kwa chaki, ugonjwa wa mwenye mguu. Binti alijua yote, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akipiga rangi pembeni yake.

"Alikuandika Mguu wa Breki!"

"Wa kulia!" dereva akapaza sauti. "Soli ya kulia ilikuwa hainimalizii mwezi!" Akakaa.

"Na mimi?" akauliza mwenye duka la dawa.

"Wewe Nyatanyata. Ulimaliza ncha tu, kisigino kipya."

Waliotoka wakarudi mbio, kila mtu anataka lake. Hata bosi akanyoosha kidole kama mwanafunzi. "Mimi nilipeleka pea moja tu. Ya kahawia."

"Kiatu Kizuri Mguu Mvivu."

Bosi alicheka mpaka akavua miwani. Kaka akainama, kama anayehesabu vidole vyake vya miguu.

"Na mimi aliniandika nini?" mama akauliza, na kicheko kikakatika.

"Chako hakikuandikwa, mama. Alisema hicho anakijua hata akifumba macho."

"Mwongo mkubwa!" mama akasema. "Kandambili zangu alizipoteza mara mbili, na mara ya pili akaniletea zote za kushoto." Akacheka, machozi yanamtiririka. "Ndiye huyo. Ndiye kabisa. Haya, baba watoto, nenda salama."

Wakamzika. Saa kumi alasiri wageni walikuwa wameondoka. Kaka alilala kwenye kochi na tai yake shingoni, amenuna mpaka usingizini. Mama alijilaza kitandani, na kabla binti hajamaliza kumfunika, akaanza kukoroma. Binti alisimama akamsikiliza kidogo. Kisha akavua viatu, akajikunja kwenye mkeka kando ya kitanda kile, naye akalala.