Kitanda cha Mwalimu Turkiya

Jumamosi ya msaragambo, siku ya kazi za pamoja, watu wa mtaa mmoja wa Muheza waliacha kuzibua mtaro wakaenda kumbeba Mwalimu Turkiya. Hospitali ilikuwa na kikao cha watafiti wa ugonjwa wa uchovu, na wagonjwa waliruhusiwa kufika. Turkiya alikuwa akifundisha hadi daktari alipomwamuru atembee kila asubuhi, azidishe mwendo mpaka apone. Alitembea. Tangu hapo hakusimama tena. Alitaka jambo moja tu: tiba ile ifutwe kabla haijamwangusha mwingine.

Wanaume walishika kitanda. Hakikuinuka. Mwili wake ulikuwa umekonda kama ufito. Uzito ulikuwa wa uchovu.

"Mwalimu, umelalia mawe?" aliuliza Nehemia, mpakiaji wa machungwa.

"Nilioga jana. Uchovu wake bado ninao."

"Basi kama ungefua, tungeita trekta."

Praxeda, msimamizi wa msaragambo, ndiye aliyekuwa akimtangaza Turkiya mbele ya watu kuwa mtegaji wa kazi. Alijaribu kunyanyua pembe moja, akakaa chini akishika kiuno.

"Mwalimu, nilikuita mtegaji. Sikuwa nimekubeba."

Wakaita watu wa mtaa wa pili, wakakibeba wakiimba hadi hospitalini. Kila walipotua kupumzika, miguu ya kitanda ilizama kwenye lami.

Daktari Lucas, yuleyule aliyemwamuru atembee, aliyeutafiti uchovu miaka mingi bila kuchoka, alimwamkia Turkiya shikamoo kwa adabu, kisha akamwambia hana ugonjwa. Wakamweka kwenye mizani. Ikavunjika. Ikaletwa ya sokoni, ya kupimia magunia, nayo ikavunjika.

"Mizani za siku hizi," alisema daktari.

Wakamrudisha kitandani. Vigae vikapasuka, kitanda kikaanza kushuka taratibu sakafuni.

"Nilitembea ulivyoniagiza," alisema Turkiya, akiwa sasa usawa wa viatu vyao.

"Ulitembea huku ukiogopa, mama. Haya yanaanzia mawazoni."

"Basi njoo uyashike hayo mawazo," alisema Praxeda. "Upande wa miguuni ni mwepesi kidogo."

"Sisi tunapima. Hatubebi."

Mtafiti mmoja aliomba angalau wamsikilize mgonjwa. Alijibiwa kwamba mgonjwa hawezi kuwa shahidi wa ugonjwa wake mwenyewe. Wakanywa chai. Kisha kikao kikaazimia sakafu ikarabatiwe, na wagonjwa wazidishiwe mwendo.

Mafundi walipanga vigae vipya kuzunguka shimo alimozama Turkiya. Watu wa msaragambo huja Jumamosi na majembe kumchimbua. Kitanda hushuka kadiri wanavyochimba. Praxeda humteremshia uji kwa kamba.

Asubuhi, wagonjwa wapya hukusanywa hapo kuanza kutembea. Turkiya huwaambia kutoka chini, "Kaeni, wanangu." Wengine husita. Daktari Lucas huwahimiza waende, kisha hukagua uzio alioujenga kuzunguka shimo, asije mtu akaanguka.