Jina la Mwenye Kiwanja

Kufikia saa tatu asubuhi Enesi alikuwa ameshaufagia uwanja wa mashine mara tatu, na vumbi alilokuwa akilifukuza sasa lilikuwa la kufikirika tu. Watu wa tathmini walisema watafika saa nne, na watu wa mradi, si kama wengine tunaowajua, wakisema saa nne hufika saa nne.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kusaga, ya dizeli, imefungwa kwenye kibanda cha bati juu ya kilima, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Itumba. Mradi uliileta mwaka 2006 kwa ajili ya wanawake, na barua iliyokuja nayo ilisema wazi: baada ya miaka miwili atakuja mtu kupima kama kweli iko mikononi mwao. Ikionekana wanawake hawana sauti, itahamishiwa kikundi kingine. Watu walidhani hayo ni maneno ya barua. Mwezi uliopita lori likapanda kijiji cha ng'ambo ya bonde, likashusha mafundi wanne, wakafungua boliti na kuondoka na mashine huku wanawake wakiangalia. Wenzao wa kule walikuwa wamerudia maisha ya zamani, debe kichwani na mtoto mgongoni, wakishuka na kupanda makorongo hadi Itumba kusaga.

Wa kuzungumza na wageni alikuwa mwenyekiti wao, mama Marita, mjane ambaye hajawahi kukosa neno la kusema. Walifanya mazoezi wiki nzima. Jana yake habari ikaja kwamba kaka yake amefariki upande wa Malawi, naye akafunga kanga kiunoni na kwenda kuvuka mto Songwe.

"Utasema wewe," alimwambia Enesi. "Wewe ni katibu, kila kitu unakijua."

Kweli alikijua. Asichokijua ni namna ya kukisema mbele ya baba mkwe wake.

Hapa msomaji wa mbali avumilie kidogo. Katika ukoo ule wa Kindali mkamwana na baba mkwe hawakutani. Mzee akitokea njiani, mwanamke huingia vichakani mpaka apite. Hata kanisani mzee hupita mlango wa mbele na wakamwana hupita wa ubavuni, wamejifunika vichwa. Hakuna ugomvi ndani yake. Kukaa naye mahali pamoja ni aibu, kumsemesha ni aibu kubwa zaidi, na kulitaja jina lake ni jambo ambalo mtu mzima mwenye akili zake hafanyi. Enesi alikuwa na mtoto wa kiume aliyerithi jina la babu yake, na kwa miaka tisa alikuwa akimwita Babu, hata siku za kumchapa.

Mke wa Efraimu, ndugu wa mume wa Enesi, aliwahi kuteleza ulimi kwenye msiba, akalitaja jina hilo. Alirudishwa kwao siku hiyo hiyo, watoto wakabaki, akakaa huko miezi miwili mpaka kaka zake walipomleta na mbuzi wa kuombea radhi. Enesi hakuwa na wa kumleta. Wazazi wake walishakufa, na kaka yake wa pekee alikuwa akibeba mizigo mpakani Tunduma, hajulikani analala wapi. Yeye akirudishwa angerudishwa kwa nani? Na wanawe watatu, mdogo bado ananyonya.

Baba mkwe huyo aliitwa Watson Kibona, na msimuliaji anaweza kumtaja kwa sababu hakuolewa kwake. Mradi ulipotafuta kiwanja, wazee wengine walianza kukuna vichwa, yeye akasema chukueni pale juu. Kikundi sasa kilikuwa na wanawake kumi na watano, na kumi na mmoja kati yao, mama Marita si mmojawapo, walikuwa wake za wanawe na wake za watoto wa ndugu yake. Hakuna aliyeona tatizo. Mzee akija kusaga alikohoa tangu mbali, wao wakajitenga nyuma ya kibanda, akaacha mahindi yake juu ya jiwe na kurudi nyumbani, hatua arobaini tu kutoka pale. Unga aliufuata baadaye kwa utaratibu ule ule.

Gari lilifika saa nne na dakika tano. Aliyeshuka alikuwa Rosemary Makene, mwanamke wa makamo kutoka Shinyanga, amebana jalada kifuani. Hakuwa na maringo. Alisalimia kila mtu kwa mkono, akaonja unga kwa ncha ya kidole, akausifu. Kisha akasema neno lililomkata Enesi maini.

"Tukae duara, akina mama na akina baba pamoja. Na aliyetoa kiwanja awepo. Nataka kuwaona akina mama wakizungumza mbele yake."

Mtendaji wa kijiji, Lusubilo, alikohoa. "Mama, pengine tungeanza na akina mama peke yao, halafu..."

"Pembeni kila mwanamke anazungumza, mtendaji. Nimezunguka vijiji tisa. Nikiwaita pembeni ni wakali kama pilipili, wakitoka hadharani hawana neno. Mimi napima ya hadharani."

Mzee Watson akaitwa. Alikuja na koti lake la kanisani, akaketi ukingoni mwa benchi kama mtu aliyealikwa kwenye harusi ya maadui, macho yameelekea bondeni. Wanawake waliitwa mara ya kwanza, mara ya pili, hatimaye wakatoka nyuma ya kibanda wakiwa wamejifunika kanga hadi usoni. Duara lao halikuwa duara. Kumi na mmoja waliketi chini na kumpa mzee migongo.

"Karibuni," alisema Rosemary. "Nani anaamua mashine iwashwe lini?"

Mtoto wa Enesi akalia, akapewa ziwa.

"Ikiharibika, nani anamwita fundi?"

Enesi alikijua kila kitu: zamu, mkanda uliokatika mwezi wa tatu, siku walipomkatalia diwani kusagiwa kabla ya waliopanga foleni. Upande wa pili wa kanga aliisikia kalamu ya mgeni ikitembea, na kila ilipotembea aliona boliti moja ikifunguliwa. Alitaka kulia. Alijichukia kwa kunyamaza, na alijua kwamba akifungua kinywa atajichukia zaidi.

Basi mzee akainuka. Hakuaga mtu. Alikung'uta koti, akamtazama mgeni mara moja, akashuka kuelekea kwake akipiga hatua za haraka kuliko umri wake. Alipopotea nyuma ya nyumba, mlio wa panga ukasikika, anachonga mpini wa jembe.

Ndipo wanawake wakageuka. Enesi alisimama na mtoto kifuani, akasema yote. Alieleza zamu, akaeleza walivyojifunza kubadili chekeche wenyewe, akaeleza ya diwani mpaka watu wakacheka. Rosemary naye alicheka, na kwa muda wa nusu saa Enesi alisahau kuogopa.

"Vizuri sana," alisema Rosemary. "Sasa mimi huwa siondoki na siri. Nitawasomea nilichoandika, mkiona nimekosea mseme."

Alisoma taratibu. Kwamba wanawake wana ujuzi mkubwa wa mashine. Kwamba hata hivyo, mbele ya mwenye kiwanja, hakuna hata mmoja aliyethubutu kuzungumza. Kwamba mwenye kiwanja alionyesha kutoridhika, akaondoka mkutanoni bila kuaga. Kwamba mashine iko kwenye ardhi ya mtu asiyewaunga mkono, na inapendekezwa ihamishiwe mahali penye usalama zaidi.

Enesi akamgeukia Lusubilo.

"Siyo hivyo, mama," Lusubilo aliruka. "Hiyo ni mila tu, mkamwana na..."

"Naomba usiwajibie, mtendaji. Na mila ndiyo ninayoipima." Hakusema kwa ukali. Alimgeukia Enesi kwa upole, na upole huo ndio uliotisha. "Mama katibu, yule mzee anawazuia kusema?"

"Hapana. Aliondoka ili tuseme."

"Aliondoka ili mseme." Kalamu haikutembea. "Kwa hiyo akiwepo hamuwezi."

"Ni heshima, mama."

Rosemary akashusha pumzi. Neno heshima alilikuta kijiji baada ya kijiji, na kila alipolikuta nyuma yake palikuwa na mwanamke aliyepigwa marufuku kitu fulani. Enesi aliliona hilo usoni mwake. Akatafuta neno jingine la Kiswahili na kila alilolipata lilisikika kama hofu. Kwa Kindali angeweza kumweleza mpaka akaelewa, lakini Kindali mgeni hakukijua, na wa kumtafsiria alikuwa Lusubilo aliyekwisha kunyamazishwa.

"Nisaidie niandike sawasawa," alisema Rosemary. "Fomu inataka mwanakikundi mwenyewe ataje aliyetoa ardhi na masharti yake. Siyo mtendaji, siyo mume. Ninyi. Nani aliwapa kiwanja hiki?"

"Mzee wa hapa."

"Wazee wa hapa ni wengi."

"Babu wa watoto wangu."

"Ana jina, mama. Au hata jina lake mnaogopa kulitaja?"

Wake wote kumi na mmoja walitazama chini. Waliobaki watatu, ambao hawakuolewa kwa mzee, wangeweza kujibu, lakini wawili walijiunga juzi tu, hawajui masharti yake, na wa tatu ni kiziwi. Enesi alimwona Rosemary akishusha macho kwenye karatasi, akitafuta mstari. Sekunde chache zaidi na ingeandikwa kwamba wanaogopa.

"Watson Kibona," alisema Enesi.

Mwanamke mmoja alivuta pumzi na kuziba kinywa. Lusubilo aliinamisha kichwa kama aliyepigwa. Kule chini panga likanyamaza, na halikuanza tena.

Sasa hapakuwa na cha kuhifadhi, akaendelea. "Watson Kibona ndiye aliyetupa. Wengine walikataa. Aliweka dole gumba mbele ya mtendaji kwamba kiwanja ni cha kikundi, hata yeye akifa. Karatasi iko kwenye sanduku, nitakuletea. Sisi wakamwana hatumsemeshi na yeye hatusemeshi, ndivyo tulivyolelewa. Ametoka kwa sababu aliona unaandika tumenyamaza. Mimi sikutakiwa kulitaja jina lake, mama. Nimelitaja ili usiandike uongo."

Karatasi yenye dole gumba ililetwa, Rosemary akaisoma mara mbili. Kisha akakata mistari yake minne, kila mmoja kwa mchoro mmoja ulionyooka, akaandika upya na kuwasomea. Ardhi ni salama. Mwenye kiwanja anaunga mkono. Mashine ibaki ilipo.

Wanawake hawakupiga vigelegele. Mmoja wao alimshika Enesi mkono, akauachia haraka. Kule nyumbani kwa mzee mama mkwe alikuwa ametoka. Aliwaita watoto wawili wakubwa wa Enesi waliokuwa wakicheza uani, akawaingiza ndani mmoja mmoja, akafunga mlango.

"Swali la mwisho, mama katibu, halafu nawaacha mpumzike," alisema Rosemary, akigeuza ukurasa. Alikuwa mwepesi sasa, mtu aliyemaliza kazi vizuri. "Je, mradi huu umekuletea madhara yoyote wewe binafsi, au katika familia yako?"

Enesi aliutazama mlango ule. Akamhamisha mtoto bega la pili, kichwa chake cha moto kikamlalia shingoni.

"Andika hakuna," alisema.

Rosemary akaandika, akamshukuru, akafunga jalada.