Kioo cha Nyuma cha Bi Harusi

Mwanamke wa Ng'ambo, mtaa wetu wa Tabora, hafuati jeneza. Batuli alilijua hilo tangu utotoni, wala hakuwa na ugomvi nalo. Wafu wengi wa mtaani walitolewa majumbani wakaenda, naye akabaki ndani na wenzake wakilia, basi. Lakini safari hii aliyekufa alikuwa Lukumani, mwanawe wa pekee, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Lukumani alikuwa dereva wa lori kule Igunga, katika ile operesheni ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa. Mvua za Machi zikafurisha mto, lori likateleza, likaenda na maji. Mwili ulipopatikana uliletwa Tabora ndani ya sanduku lililopigwa misumari. Wanaume wakauosha na kuukafini msikitini, kisha wakamwambia mama mtu kwamba haufai kutazamwa. Haufai! Kwani nani aliyemzaa, wao au yeye?

Msidhani ulikuwa ukaidi. Ilikuwa hofu, na hofu hiyo aliirithi kwa marehemu mama yake. Baba yake Batuli alichukuliwa vitani Burma, habari ikaja kwamba amekufa, lakini mama hakuona maiti wala kaburi. Basi kila jioni akampakulia. Bakuli la baba lilijazwa, likafunikwa kawa, likasubiri. Asubuhi chakula kimechacha, wanamwagiwa kuku. Hakuna mtoto aliyethubutu kulitia mkono. Mama alizeeka akipakua, akafa akipakua. Na jioni habari za Lukumani zilipofika, Batuli alijikuta amepakua wali kwenye bakuli la mwanawe na anaufunika. Hapo akaogopa kweli kweli.

"Abbasi," alimwambia mdogo wake, "nataka nimwone akizikwa. Nisipomwona, nitampakulia mpaka naingia kaburini, kama mama."

"Dada, baba mdogo ameshakataza."

Baba mdogo ni Mzee Nassibu, ndugu wa marehemu baba yao, ndiye aliyebaki mkubwa wa ukoo.

"Amekataza nisisimame makaburini. Mimi nitakaa garini mwako."

Gari lenyewe lilikuwa Pijo, teksi, Abbasi alilinunua kwa mlowezi mmoja wa tumbaku wa Urambo aliyekuwa anafunga virago. Kioo cha nyuma alikibandika karatasi nyeusi ya nailoni, kwa mikono yake mwenyewe na gundi ya fundi viatu, ati jua linamharibia viti. Watu wa Cheyo, mtaa wa jirani, wakaliita Bi Harusi, kwa kuwa linajifunika uso. Aliye ndani anaona nje, aliye nje haoni ndani.

Makaburi yako kando ya njia ya zamani ya kwenda Ujiji, ile waliyopita wapagazi na mizigo yao. Wengi walifia humo humo njiani, na watu wa kwao hawakujua walizikwa wapi. Abbasi akarudi kinyumenyume mpaka mkia wa gari ukaelekea kaburi, akatundika kanga kwenye vioo vya pembeni na nyuma ya kiti cha mbele.

Mvua ikaanza. Batuli alikuwa ameketi peke yake kiti cha nyuma, vioo vimefungwa, analia, na mvuke ukaziba kioo chote. Akafuta kwa ncha ya mtandio. Kikaziba tena.

"Usisugue, dada, karatasi itachanika," Abbasi alisema. "Kioo hicho kina nyaya, nyembamba kama nywele. Ukibonyeza swichi hapa mbele zinapata moto, mvuke unaondoka. Yule mlowezi alinionyesha. Ila tangu nibandike karatasi sijaziwasha. Gundi ikipata moto sijui itakuwaje. Ikibanduka, wanaume wote wale watakuona."

Nje sauti za wanaume zilikuwa zimeshafika. Jeneza lilikuwa linatuliwa.

"Washa," Batuli alisema.

Abbasi akabonyeza, akaacha injini inanguruma, akashuka kwenda kumpokea mpwa wake.

Kwanza hakikutokea kitu. Karatasi ilikichelewesha kioo kupata moto, na Batuli aliona anaibiwa mazishi ya mwanawe mbele ya macho yake. Kisha ukatokea mstari mmoja mweupe wa mwanga, chini kabisa, na mwingine juu yake. Alipiga magoti kwenye kiti, akachungulia. Aliona migongo. Kanzu tupu, na katikati kabisa mgongo mpana wa Mzee Nassibu umeziba kila kitu.

Harufu ya gundi ikampanda puani. Karatasi ikaanza kufura malengelenge, pembe yake ikajikunja, halafu ikashuka yote kama gome la mti, na mwanga ukampiga usoni. Wakati huo huo Mzee Nassibu aligeuka kutazama ni nani mjinga aliyeacha gari likinguruma mazikoni.

Macho yakakutana. Batuli angeweza kujitanda mtandio akainama. Hakuinama.

"Nihurumie, baba mdogo," alisema, ingawa kioo kilikuwa kimefungwa.

Mzee alisimama pale mvua ikimnyeshea. Alichowaza anakijua Mungu. Lakini naye alikula miaka mingi katika nyumba ya shemeji yake, mama yake Batuli, na lile bakuli alikuwa akiliona. Akasogea kando. Akamgusa bega jirani yake, naye akasogea.

Ndipo Batuli alipoona. Aliona miguu iliyovikwa sanda imepita ukingo wa jeneza, kama ilivyokuwa ikipita ukingo wa kila kitanda alichokilalia. Aliona walioinua hawatoshi, wakaongeza mtu. Aliona shuka likitandazwa juu ya kaburi, mwanawe akipita chini yake, na mikono ya Abbasi ikimpokea. Kisha majembe.

"Ni yeye," alisema. Akalia kwa sauti, bila kujizuia, mpaka dua ilipokwisha.

Jioni majirani walileta wali. Abbasi aliingia na udongo mkavu mikononi, Mzee Nassibu nyuma yake, wakaketi mkekani. Batuli akalitoa bakuli la Lukumani, akalijaza, akaliweka mbele ya mdogo wake. Abbasi alilitambua, akarudisha mkono.

"Kula, mdogo wangu," Batuli alisema. "Mwenyewe hali tena."

Mzee Nassibu akanawa, akasogea kwenye bakuli lile lile, akatangulia yeye kumega. Walipomaliza, Batuli aliliosha, akalipanga pamoja na mabakuli mengine.