Mistari Myeupe Kwenye Kivuko cha Ng'ombe

Mistari ile ilipakwa Jumanne asubuhi, na jioni ng'ombe wetu wakagoma kuvuka.

Walisimama kwenye ukingo wa lami, Marquise mbele na kengele yake shingoni, wenzake wamejazana nyuma yake, viwele vimejaa mpaka maziwa yanadondoka. Mjomba Firmin akapiga mluzi. Mimi nikamsukuma Marquise kwa mikono miwili, lakini hakusogea. Aliinamisha kichwa, akanusa ile mistari minene, akapuliza pua na kurudi nyuma.

"Ameona vyuma," Mjomba akasema. Alivua kofia yake akaitupa chini. "Mungu wangu, wametupakia vyuma!"

Huku kwetu milimani, kwenye kila lango la malisho kuna shimo lililofunikwa kwa vyuma vilivyoachana. Gari linapita juu yake, ng'ombe hapiti, maana kwato inazama katikati. Ndama akishanasa mguu mara moja basi, hasahau maisha yake yote. Na sasa halmashauri ilikuwa imepaka mistari myeupe juu ya lami nyeusi, palepale kwenye kivuko chetu, kama ile wanayopakiwa watu wa mjini wavukie barabara. Ng'ombe angejuaje kuwa ni rangi tu?

Zamani hapo palikuwa na reli. Ilipojengwa ilikata shamba letu katikati, banda likabaki upande huu na malisho upande ule, ndiyo maana tukaachiwa kivuko. Treni ikafa, reli ikang'olewa, vichaka vikaota. Halafu wakaja na lami, laini kama meza, kuanzia stesheni ya zamani ya Montfrey mpaka chini bondeni mtoni, njia ya baiskeli tupu, isiyoingia gari hata moja. Sikuichukia. Wadachi walipita na watoto wao wamewafunga nyuma, wakasimama kumpiga picha Marquise na kununua jibini kwa Bibi. Ng'ombe wakitaka kuvuka tulifunga kamba huku na huku, wakavuka, tukafungua. Hakuna aliyekufa kwa kusubiri.

Tatizo lilikuwa klabu ya mjini. Hao hawakuja kutazama milima. Walikuja kwa kundi, migongo imepinda, macho chini, na mbele yao daktari mmoja wa meno anayeitwa Courtel, ambaye alihesabu kila kamba yetu kama tusi alilotukanwa yeye. Ndiye aliyelalamika kwa meya mpaka mistari ikapakwa.

Usiku huo tuliwakamua ng'ombe kwa mikono, kulekule malishoni. Jumatano jioni klabu ikatukuta pale, ng'ombe wamegoma tena, kamba imefungwa.

"Pisha! Pisha!" Courtel akapiga kelele toka mbali. Alipofunga breki gurudumu lake liligusa kamba. "Bado tu? Mmepakiwa mpaka kivuko, mnataka nini tena, zulia?"

"Hawapiti," Mjomba akamwambia. "Wanaiogopa rangi."

"Wanaogopa rangi!" Aliwageukia wenzake, wakacheka. "Bibi, hamna njia nyingine ya kupitishia hayo mavi yenu?"

Bibi Hortense alikuwa amesimama na fimbo yake. "Ipo, mwanangu. Ila ina malori. Kaendeshe wewe huko."

Courtel akainua kamba kwa mkono mmoja, akapita chini yake, na wenzake wote nyuma yake, wakikatiza mbele ya pua za ng'ombe. Mitamba ikatimka kurudi malishoni. Ilituchukua mpaka giza kuikusanya. Mimi sikusema kitu. Huwa sisemi. Watu wengi wakinitazama ulimi wangu hukauka, na kijijini wamezoea kuongea juu yangu kama vile sipo. Lakini usiku ule nilikunja ngumi chini ya shuka mpaka vidole vikauma.

Meya alikuja asubuhi. Jina lake Achille Vuillet, na amekulia zizini kama sisi, baba yake alikuwa na ng'ombe wengi kuliko wetu. Aliitazama mistari, akamtazama Marquise, akajipiga paji la uso.

"Aisee! Hata mimi sikufikiri."

"Hukufikiri?" Bibi akamjibu. "Achille, wewe ulivunjika mguu kwenye vyuma vya baba yako. Nani alikubeba mgongoni mpaka kwenu?"

"Wewe, Mama Hortense."

"Basi ifute."

Akakuna shingo. "Jumapili tuna sherehe. Klabu inafanya mbio zake, wakirudi jioni tunakata utepe hapahapa, mbele ya bonde. Waandishi wanakuja, wageni wakubwa wanakuja. Nikikwangua sasa lami itabaki na makovu, picha zitaharibika. Nipeni mpaka Jumatatu."

"Na ng'ombe je?"

"Zungusheni kwa barabara kuu. Siku chache tu, Mama."

"Barabara ya malori ya magogo?"

"Muende pembenipembeni."

Alisema hivyo akiwa tayari anafungua mlango wa gari lake. Muende pembenipembeni. Bado nayasikia maneno hayo.

Siku hiyohiyo jioni tukawazungusha. Mjomba alitangulia na kitambaa chekundu, mimi nikawa nyuma kabisa na Pivoine. Pivoine alikuwa mtamba wangu. Mama yake alikufa wakati wa kumzaa, nikamlea kwa chupa jikoni karibu na jiko, na mpaka ukubwani alikuwa akinifuata akinyonya ncha ya koti langu. Kwenye kona iliyo chini ya mwamba lori likatokea. Dereva alikanyaga breki, namwamini, nilisikia matairi yakilia. Mimi lilinikosa. Pivoine halikumkosa.

Mjomba aliwageuza wengine akawarudisha malishoni. Pivoine alibaki hai mpaka daktari wa mifugo alipofika. Nilikaa naye barabarani, kichwa chake mapajani mwangu, magari yakitupita polepole na watu wakichungulia madirishani.

Kesho yake Bibi alisema hakuna ng'ombe wake atakayekanyaga tena barabara ile. Tukaendelea kuwakamua kwa mikono kulekule malishoni, Ijumaa na Jumamosi, na maziwa mengi yakaishia kwenye nyasi. Yaliyobaki fundi wa jibini wa kijiji aliyachungulia, akaona majani yanaelea, akatikisa kichwa. Marquise akapata uvimbe wa kiwele. Mjomba hakula. Jumamosi usiku aliweka kijiko mezani akasema, "Jumatatu nampigia dalali. Awachukue wote."

"Firmin," Bibi akasema.

"Wote, Mama. Nimechoka kuomba ruhusa ya kuvuka shamba langu."

Nilimtazama Bibi, na kwa mara ya kwanza nikaona amezeeka.

Jumapili walifunga utepe wa rangi za bendera hatua chache tu kutoka kwenye kivuko. Wakaweka meza ya mvinyo na maandazi, na kipaza sauti. Waendeshaji walianza kufika, jasho linawatiririka, viatu vyao vinagonga lami kama kwato. Kutoka bandani nilisikia kila neno. Meya alisema njia hii ni zawadi kwa watu wanaopenda utulivu. Alisema hapa mama anaweza kumwachilia mtoto wake bila hofu ya lori. Wakapiga makofi. Na upande wa pili, nyuma ya lango, ng'ombe wetu walikuwa wanalia kwa maumivu, na mtu mmoja akasema kwenye kipaza sauti, "Sikieni, hata wao wanashangilia!" Wakacheka.

Hapo kitu kikakatika ndani yangu.

Nilichukua toroli nikalijaza samadi mbichi, ile ya majimaji, mpaka juu. Nikachukua koleo. Nikalisukuma toroli katikati ya watu wale wote, nikiwa nimeinamisha uso, masikio yananiwaka, na wakanipisha, maana nani hapishi toroli la mavi? Nikafika kwenye mstari wa kwanza. Nikatia koleo, nikamwaga. Nikaisambaza vizuri mpaka weupe ukapotea. Nikaenda wa pili.

"Ludivine!" Meya alisahau kuwa bado ameshika kipaza sauti, jina langu likaenda mpaka bondeni. "Unafanya nini, binti yangu?"

"Nafuta, Bwana Meya."

"Wageni wanatazama!"

"Watazame."

Courtel akaja akisukuma baiskeli yake, ile nyeupe inayong'aa, akaisimamisha kabla ya samadi. "Wewe msichana una akili kweli? Mimi napita hapo!"

Nikainua uso nikamtazama. "Zunguka kwa barabara ya malori," nikamwambia. "Uende pembenipembeni."

Watu wa kijiji walijua. Wote walikuwa wamemwona Pivoine akipakiwa kwenye gari. Nilimwona mke wa fundi wa jibini akiweka glasi yake mezani bila kunywa. Meya alishusha kipaza sauti, na uso wake ukawa mwekundu kuanzia shingoni.

Nikaendelea na kazi. Toroli lilipokwisha, Mjomba Firmin alikuwa ameshatokea bandani na jingine. Tulimaliza mistari yote, Bibi akafunga kamba zote mbili kwa mikono yake, moja upande wa utepe, nyingine upande wa waendeshaji waliokuwa bado wanakuja, kisha Mjomba akafungua lango.

Marquise alikuja mpaka ukingoni akanusa. Nilishikilia koleo kwa nguvu kana kwamba ndilo lingemvusha. Akaweka kwato moja juu ya samadi, akasubiri izame. Haikuzama. Akavuka, wote wakamfuata, na matone ya maziwa yakaanguka njia nzima mpaka bandani.

"Asanteni kwa kusubiri," Bibi akawaambia waendeshaji, kwa adabu zote. "Mvinyo umebaki?"

Jumatatu watu wa halmashauri walikuja kukwangua rangi. Lami ilibaki na makovu kama alivyosema meya. Dalali hakupigiwa simu. Achille Vuillet alikuja ameshika kofia yake, akaongea na Bibi mlangoni kwa muda mrefu. Akataka kunipa mkono, nikamwambia wangu una samadi.

Siku hizi kwenye kamba yetu kila mtu anasimama, hata Courtel. Anaweka mguu mmoja chini, anatazama milima. Hajawahi kuniomba radhi, na mimi sijawahi kumsalimia. Natembea nyuma kabisa, mahali alipokuwa anatembea Pivoine. Ng'ombe wa mwisho akishavuka, narudi kuifungua kamba ile, fundo kwa fundo. Najua Courtel anangoja. Huwa sina haraka.