Kilichotoka Chembani

Watu wasio na vyumba vya kupangisha hudhani mwenye nyumba kazi yake ni kunenepa. Mzee Kufuli angewakaribisha uani kwake asubuhi ile wakanuse wenyewe. Choo kilikuwa kimeziba kwa mara ya tatu tangu mvua zianze, maji machafu yametambaa hadi chini ya kamba za kuanikia nguo, na kila mpangaji amesimama mlangoni pake na uso wa malaika.

Jina la Kufuli walimpa wao, kwa sababu hata bomba la uani alilitia kufuli. Alilijua, na lilimkera, kama vilivyomkera vitasa vinavyong'olewa, taa zinazoachwa zikiwaka mchana, na hivi karibuni, kunguni. Maana mama yake mzazi, aliyeishi naye chumba cha mbele, siku hizi aliburuta godoro lake juani kila kukicha. "Nawafukuza kunguni," alijibu kila alipoulizwa. Mzee Kufuli akawafokea wapangaji mlango kwa mlango kwamba wamemletea wadudu. Kunguni hata wa dawa hakuonekana, na godoro likaendelea kuota jua.

Lakini choo ndicho kilichotaka kumtoa roho. Mshitakiwa alikuwa naye tayari: msusi wa chumba cha nyuma, ambaye huwaosha wateja wake nywele bafuni.

"Ni nywele zako hizo," alimwambia mbele ya wote.

"Baba mwenye nyumba, nywele zangu nazikusanya mfukoni, nazipeleka jalalani. Na humu kila kichwa kina nywele." Msusi akautazama upara wake. "Isipokuwa kimoja."

Mlinzi wa chumba cha kati, aliyerudi kutoka zamu akihitaji choo kuliko usingizi, aliangua kicheko. Kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo. Mzee Kufuli alipandwa na mori, akaupiga ukuta kofi.

"Sasa nisikilizeni! Nimemwita fundi. Kitakachotoka humo, mwenyewe anahama leo leo. Hata awe nani!"

"Hata awe nani?" mlinzi akauliza.

"Hata awe nani. Mimi sina ndimi mbili."

Msusi aliingia ndani, na kupitia mlango uliokuwa wazi walimwona akishusha sufuria zake rafuni, moja moja. Alijua kuwa kesi ya mwenye nyumba haina hakimu mwingine.

Fundi bomba alifunua chemba ya maji machafu, akaingiza waya wake mrefu, akasukuma, akazungusha, akatema mate pembeni. Waya ulinasa. Aliuvuta kwa nguvu zote, kukatoka mngurumo chini ya saruji, na maji yakaondoka kwa kishindo. Kilichokuja na waya hakikuwa nywele. Vilikuwa vitambaa, fungu zima. Fundi alivimwagia ndoo ya maji, akakitandaza kimoja kwa kijiti: cha mraba, maua ya njano, ukingo umekunjwa na kushonwa kwa mkono, mishono midogo iliyolingana.

Mzee Kufuli aliijua mishono ile kabla hajayatambua maua. Ilikuwa kwenye kaptula zake zote za shule. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na hata tambara la deki hakuweza kuliacha na ukingo unaochanika. Maua yale yalikuwa pazia la zamani la sebuleni. Mama alimwomba pazia hilo, naye akampa bila kuuliza la nini.

Akaligeukia godoro lililokuwa juani. Hapakuwa na kunguni. Mama alikuwa hawezi tena kuzuia mkojo, akawa anajisitiri kwa vitambaa, kisha anavisukuma chooni visionekane. Na angemwambia nani? Mtu anayefoka kutwa kwa ajili ya taa? Aibu ilimwingia Mzee Kufuli.

Mama alikuwa ameketi barazani, mikono mapajani, akiangalia vidole vyake vya miguu.

"Vya nani hivi?" fundi akauliza.

Msusi alikuwa ametoka na sufuria mkononi. Kichwa cha mama yule hukisuka yeye. Alivitazama vitambaa, akamtazama mama.

"Vyangu," akasema. "Na nimeshaanza kufungasha."

"Wewe?" mlinzi akadakia. "Wewe ambaye hata kifungo unashonewa na jirani?"

Kitu cha kwanza Mzee Kufuli alichohisi ni nafuu, na nafuu hiyo ilimchoma kuliko kitu kingine chochote asubuhi ile. Angenyamaza tu, yangekwisha.

"Mwongo huyo," akasema. "Ni vyangu mimi. Nilivifutia rangi, nikavitupa humo kwa uvivu."

Wapangaji walitazamana. Kisha mlinzi akaweka mikono kiunoni. "Si ulisema hata awe nani? Haya, hama!"

Uani kote walicheka, wengine wakapiga makofi, na fundi bomba akauegemea waya wake akicheka mpaka machozi. Mzee Kufuli alisimama katikati yao akachekwa. Walipotulia kidogo akamgeukia msusi.

"Rudisha vyombo vyako ndani, dada. Nimekukosea, nisamehe."

Akaenda barazani, akachuchumaa mbele ya mama yake. Mama hakuwa amecheka.

"Wewe hujapaka rangi tangu uzaliwe," alinong'ona.

"Najua, mama."

"Umesema mwenyewe anahama. Mimi nitakwenda wapi?"

Mzee Kufuli aliinuka, akaliendea godoro mbele ya macho ya wote, akaligeuza upande wa pili ili nao upate jua.

"Kunguni hawa," alisema kwa sauti, uani kote wasikie, "wamehamia chumbani kwangu pia. Kuanzia kesho godoro langu nalo mtaliona hapa."