Kikohozi cha Mlangoni

…na mikono ibaki hivyo hivyo, juu ya kichwa, wamesema, asiishushe hata pua ikimwasha, sindano imelala kwenye mkunjo wa kiwiko, vibandiko vya nyaya viko kifuani pale Nicolas muuguzi aliponyoa nywele kwa wembe bila hata kuomba radhi, lakini shuka, Isidore anaishukuru hiyo kuliko yote, imemfunika kuanzia kiunoni kwenda chini, maana kanzu ya hospitali hii haina mgongo, na ng'ambo ya kioo kile kinene amekaa Pulchérie, binti yake wa kumzaa, ndiye anayeiendesha mashine hii ya kupiga picha za moyo, hapa Bukavu, mtoto wa mji wa Baraka, ee, wa Baraka yetu… "Papa, roho yenu iko inakimbia," sauti yake inatoka juu, kwenye kipaza sauti, "mutulie kidogo, picha itaharibika," anamwambia kwa wingi, kama baba anavyostahili, mbele ya wenzake wote, basi moyo utatulia vipi, kidonge cha kuupunguza mbio amekimeza, kahawa hajaionja tangu jana, dawa nyingine imeyeyukia chini ya ulimi ikamwachia kichwa kizito, lakini dawa ya kumzuia mtu asijivune hawajampa, na alipopita kwenye korido wamemwamkia, "Papa ya madame Pulchérie," akajikuta anatembea kifua mbele, kifua hiki hiki kibovu… kibovu, nani amesema kibovu, kinauma mara ngapi, daktari aliuliza, na Pulchérie alikuwa amesimama pale pale, Isidore akajibu mara moja tu, docteur, na si kweli, kinambana kila anapobeba mota ya mtumbwi begani kutoka majini pale Kazimia, kila mara, halafu anasimama njiani anajifanya kutazama ziwa, yeye aliyevusha watu na magunia ya ndakala, dagaa wa ziwani, hadi Baraka katika mawimbi ambayo vijana waliyakimbia, na mishipa ya moyo ikionekana imeziba atashushwa mtumbwini, atawekwa kitini, ataletewa chakula na kuulizwa kama ameshiba… mwingine ndiye atakayeshika mota yake, hapana, mara moja tu, amesema hivyo, lakini mashine hii haiulizi mtu chochote, inatazama tu, na atakayekuwa wa kwanza kuona ni Pulchérie… "Muzoeze, Papa. Muvute pumuzi. Muifunge. Sasa muachilie," naye anavuta, anafunga, anaachilia, vizuri kabisa, anajua mwenyewe kwamba ni vizuri, tena jinsi binti yake alivyokuja asubuhi, lo, mlango ulikuwa wazi, yeye yuko nusu uchi kitandani, na Pulchérie hakuingia, alisimama nje akakohoa, kama kule kwao ziwani, kuna upande wa wanaume wa kuogea na upande wa wanawake, na mtoto wa kike akitaka kupita karibu na wanaume anakohoa kwanza, anageuza uso, anangoja, mpaka wajifunike wamwitikie, pita, mama, pita, ndivyo wanavyowaita mabinti zao, na yeye mwenye koti jeupe, anayesikilizwa na madaktari, alikohoa mlangoni akangoja, Nicolas akabaki ameduwaa, hakuelewa, lakini Isidore alielewa, akavuta shuka, akamwitikia… "Dawa inaingia sasa, Papa. Ile moto njo tulimiambia. Musitikisike," ee, Nicolas alimweleza, mutasikia moto mwili muzima, mupaka chini, mutazani mumejikojolea, lakini hapana, Isidore alimcheka kimoyomoyo, mzee kama yeye ajikojolee… inakuja, Mungu wangu, inapanda shingoni, mdomo una ladha ya chuma, inashuka tumboni, inashuka, inashuka, amekojoa, kwa hakika amekojoa, mbele ya mtoto wake, shuka hii, heshima yote, mkono mmoja unataka kushuka upapase kama kumelowa, unataka sana, lakini amesema asitikisike, naye ni Pulchérie aliyesema, abaki, acha palowe, abaki, kumbe kilichomtisha si shuka, atakachokiona binti yake kiko chini zaidi ya ngozi, hakuna nguo ya kukifunika, ile mara moja yake ya uongo iko wazi mle ndani… na kipaza sauti kinakwaruza, halafu, kabla ya neno lolote, kikohozi, kidogo, cha adabu, cha mtu aliyegeuza uso akangoja… "Muvute pumuzi, Papa. Muifunge," anavuta, anafunga, duara la mashine linazunguka kwa kasi kumzingira, mikono iko juu, basi aone, nani mwingine anastahili kuona kama si huyu, aone mara zote, akitoka hapa atamwambia mwenyewe, kila mara ninapobeba mota, mama, kila mara, na pumzi ameifunga, hawezi kufungua mdomo, kwa hiyo anamwitikia kwa ndani, kama wanaume wanavyoitikia kule ziwani wakiwa tayari, pita, mama, pita.